Risala ya wanafunzi wa kozi ya programu za biashara kwa mgeni rasmi, Arua, Uganda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi wetu mliotoka Koboko, Nebbi, Yumbe na hapa hapa mjini, wafanyabiashara wa soko kuu mliofunga maduka kuja kukaa na sisi, wanafunzi wenzangu, hamjambo na karibuni sana.

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha leo, na tunakushukuru mheshimiwa manake tunajua siku kama hii ungekuwa dukani kwako. Tumefurahi zaidi kwa sababu wewe ni mfanyabiashara, na risala hii karibu yote inahusu wafanyabiashara.

Sisi tunasoma kuunda programu za biashara. Mtaani wengi wanadhani tunajifunza kutengeneza simu na redio, na wanatuletea kweli. Lakini kazi yetu ni zile programu ambazo duka, sacco, zahanati au shule inazitumia kila siku, za kurekodi mauzo, kujua stoo imebaki na nini, kutoa risiti, kulipa mishahara na kufuata madeni. Na tunafundishwa kwamba programu ina mzunguko wake wa maisha, unaanza kwa kumuuliza mwenye kazi anahitaji nini, unachambua, unadisaini, unaandika programu yenyewe, unatesti, unaifunga kwa mteja, alafu unaitunza mpaka siku itakapostaafu. Kuandika ni hatua moja tu katikati pale, tena siyo ndefu kuliko zote. Kitu kikubwa tulichokuja kusema leo ni hiki: darasani hatua ya kuandika tunaipata vizuri, walimu wetu wanajitahidi sana, ila ile ya mwanzo na ile ya mwisho haziwezi kusomwa bila mteja wa kweli, na mteja wa kweli ni nyinyi.

Mheshimiwa, tukueleze ya sokoni. Kundi letu moja lilipewa kazi ya kutengeneza programu ya duka la jumla, wakaenda kwa mama mmoja anayeuza vitenge, sukari na sabuni, wateja wake wengi wanatoka Ariwara upande wa Kongo na wengine Sudan Kusini. Walienda na orodha ya maswali, unataka ripoti gani, unataka grafu au jedwali, rangi gani. Mama akawatolea daftari lake. Kila ukurasa una safu ya shilingi, safu ya faranga, safu ya dola, na pembeni jina la utani la mteja na alama anayoijua yeye mwenyewe. Akawaambia, wanangu, mimi grafu sina shida nayo, mimi nataka kujua nani hajalipa, na alichukua mzigo dola ikiwa bei gani siku ile, kwa sababu akija kulipa baada ya wiki mbili bei imeshabadilika na hapo ndo ugomvi unaanza.

Sentensi hiyo moja ilibadilisha databezi nzima, yaani ile stoo ya taarifa ambamo programu inaweka mauzo na madeni. Kwa kawaida ungeweka bei ya dola mahali pamoja, ikibadilika unaibadilisha na programu inapiga hesabu yote kwa bei mpya, inaonekana safi kabisa, na ingemharibia mama madeni yake yote ya nyuma bila hata kutoa onyo. Kwa hiyo kila mauzo lazima yabebe bei ya siku yake ndani yake, na isiguswe tena. Hakuna mwalimu angeweza kuwaambia hilo, ni mama mwenye daftari. Na hayo siyo yote, sukari anaipokea kwa gunia, anaiuza kwa gunia, nusu gunia na kilo, sasa stoo inahesabiwa kwa kipimo gani? Kijana wake anapokea malipo kwa simu, na saa zingine mteja anaonyesha meseji ile ile mara ya pili. Mobile Money tunayo hapa Uganda tangu MTN walipoianzisha mwaka 2009 na kila muamala una namba yake, basi wakaiwekea databezi sheria kwamba namba moja ya muamala haiingii mara mbili hata nani abonyeze. Alafu umeme. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, haifai stoo iwe imepungua na pesa haijaandikwa, ama vyote viwili viingie ama visiingie kabisa. Na vitufe vyote vya skrini waliviandika kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha vijana wa dukani wanayoongea na wateja kutwa nzima.

Darasani tumesoma pia historia ya mambo haya. Mwaka 1970 Mmarekani Winston Royce aliandika karatasi yenye mchoro wa hatua zinazoshuka moja baada ya nyingine, mahitaji, uchambuzi, disaini, kuandika, kutesti, na dunia nzima ikauchukua mchoro ule ikaufanya sheria, kumbe yeye mwenyewe kwenye karatasi ile ile alisema kufanya hivyo tu, mtelemko mmoja bila kurudi nyuma, ni hatari na kunaalika kushindwa. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Snowbird kule Utah wakaandika tamko lao la njia inayoitwa ajaili, kwamba ongea na mteja mara kwa mara, mpe kipande kidogo kinachofanya kazi, akitumie, akwambie, urekebishe. Sisi tunaamini kwa duka la Arua njia hii ya pili inafaa zaidi, kwa sababu mwenye duka hana muda wa kusoma hati ya kurasa mia aiwekee sahihi, lakini ukimpa skrini moja ya kurekodi deni atakwambia palepale hapa umekosea mwanangu. Ila hatutaki mtu atumie ajaili kama kisingizio cha kutoandika maelezo ya jinsi programu inavyofanya kazi, programu isiyokuwa na maelezo hayo inakufa siku kijana aliyeitengeneza akipata kazi Kampala.

Kuhusu kutesti tungependa wazazi waelewe kwa nini tunachukua muda mrefu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya inayoitwa Ariane 5 iliruka na ikalipuka hata dakika moja haijaisha. Sehemu ya programu yake ilitoka kwenye Ariane 4 ambako ilifanya kazi vizuri tu, lakini roketi mpya ilikuwa na kasi nyingine, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa (biti ni zile sifuri na moja ambazo kompyuta inaandikia namba), na hakuna aliyeitesti kwa safari ile mpya. Sasa mheshimiwa usione roketi ni mbali na wewe. Kwenye databezi nyingi nafasi ya kawaida ya namba kamili ni biti 32, na mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa dola hiyo ni mali ya kutisha, ila kwa shilingi ya Uganda muuzaji wa jumla anaweza kuipita kwa mauzo ya mwaka mmoja. Programu iliyochukuliwa kutoka nchi nyingine na ikaletwa hapa bila kutestiwa kwa shilingi zetu inaweza kufanya kazi miezi kumi alafu siku moja jumla inakataa au inatoka namba ya ajabu, na mwenye duka anaanza kumshuku mfanyakazi wake ambaye hajaiba kitu.

Na utunzaji, hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo panapoumiza. Mwenye biashara akinunua programu anaona amemaliza, kama vile amenunua kabati. Lakini sheria hazikai mahali pamoja. Mwaka 2018 serikali ilileta kodi ya asilimia 1 kwenye mobile money, na mwaka huo huo ikabadilishwa ikawa asilimia 0.5 kwa kutoa pesa tu. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, wanatoa risiti kwa EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, kwa hiyo programu ya duka ambayo haiongei na mfumo ule inamfanya mtu aandike mauzo yale yale mara mbili. VAT yenyewe ni asilimia 18, na tunafundishwa tusiipachike namba hiyo ndani ya programu, iwekwe kwenye mipangilio ambapo inabadilishwa bila kufumua kila kitu. Na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu, ile orodha ya wadeni wa mama wa vitenge siyo ya kila mtu kuiona, kijana wa kaunta anatakiwa aone deni la mteja aliye mbele yake basi. Yote hayo ni kazi ya baada ya kukabidhi, na kazi hiyo ina mshahara wake. Vijana wetu waliomaliza wanapigiwa simu usiku warekebishe bure, wakichoka wanazima simu, programu inaachwa, na mwenye duka anarudi kwenye daftari akisema kompyuta zimemdanganya. Hapo wote wawili wameumia na hakuna aliyekuwa mbaya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni za kawaida, umeme unakatika wakati wa vipindi, laptopu hazitoshi tunakaa watatu watatu kwa moja, na bando la intaneti tunachangishana. Tukipata sola na betri kwa ajili ya maabara tutashukuru sana, hilo hatufichi. Lakini tukiambiwa tuchague ombi moja tu, tutachagua milango ya maduka yenu. Tunaomba wewe na wafanyabiashara wenzako mpokee wanafunzi wetu, siyo wiki ya mwisho kabla ya mtihani, iwe tangu mwanzo wa muhula, mwanafunzi akae kwenye stoo, apange maboksi, aandike kwenye daftari lenu, aone mteja akibishana bei, ndo aje darasani adisaini. Mkitaka asiguse pesa hatagusa, mkitaka mkuu wa chuo aandike barua ya dhamana ataandika, tumeshamuuliza.

Kwa Mkuu wetu wa Chuo tunaomba kwa heshima alama za mradi wa mwisho zisiwe za programu peke yake. Leo mwanafunzi anaweza kupata alama za juu kwa programu ambayo hakuna mtu mmoja nje ya chuo amewahi kuigusa. Tunaomba sehemu ya alama itoke kwa mwenye biashara mwenyewe, baada ya kuitumia walau mwezi mzima.

Na kwa wafanyabiashara mliopo hapa, mkikubaliana na kijana yeyote awatengenezee programu, iwe wa chuo hiki au kwingine, kaeni naye muandike kabisa kwenye karatasi nani atatunza bekapu, yaani nakala ya akiba ya taarifa zenu, na inawekwa wapi, mabadiliko ya sheria yakija analipwa kiasi gani, na akihama mji nani anaachiwa nywila na msimbo wote, yaani maandishi yenyewe ya programu. Mkimaliza kula chakula tulichowaandalia, wanafunzi wa mwaka wa pili wapo meza ya pembeni na programu ya mama wa vitenge imewashwa kwenye laptopu, mama mwenyewe yupo, ametukubalia tuionyeshe kwa majina ya kubuni. Muulizeni yeye kabla hamjatuuliza sisi.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.