YAH: Malalamiko kuhusu kambi ya farasi isiyo na maji wala pa kufungia farasi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya pili kwenu. Ya kwanza mliijibu kwa sentensi moja, kwamba "farasi huletwa kambini kwa dhamana ya mwenyewe". Hilo nalijua na sina ugomvi nalo. Farasi wangu akiteleza njiani au akimbwaga mpandaji, mzigo ni wangu. Ninacholalamikia ni kwamba mlinitoza ada ya huduma ambayo haipo.

Tangazo lenu linasema kambi yenu ya mlimani, ndani ya msitu, ina nguzo na boriti za kufungia farasi, birika linalojazwa maji kila siku, majani makavu ya kulisha farasi yaliyokaguliwa, na nafasi ya kugeuzia gari lenye trela. Kwa ajili ya hayo mnatoza ada ya ziada kwa kila farasi, nami niliilipa yote kabla ya safari. Tulipofika tulikuta vyoo visafi na meza nzuri za kulia. Hapo nawapa haki yenu. Upande wa farasi palikuwa na nguzo mbili zilizooza chini, boriti hakuna, na birika kavu lililojaa majani ya miti. Trela nililitoa kinyumenyume hadi barabara kuu, lakini hilo naliacha.

Mhudumu wa zamu, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu hata kidogo, alituambia tufunge farasi kwenye miti kama wanavyofanya wengine. Niliikagua miti hiyo. Magome yamesuguliwa na kamba mpaka mbao nyeupe inaonekana, na mizizi imefukuliwa kwa kwato. Farasi akifungwa mahali pamoja usiku kucha huparua na kuzunguka, udongo hushindiliwa, mizizi ikakosa hewa na maji, na mti ukaanza kufa taratibu bila mtu kugundua. Katika misitu mingi ya hifadhi kufunga farasi kwenye shina la mti ni marufuku, na anayetozwa faini ni mwenye farasi, si mwenye kambi.

Kwa kuwa tunalijua hilo, huwa tunasafiri na kamba yetu ya juu: inapitishwa kati ya miti miwili, juu kuliko kichwa cha farasi, kwa mikanda mipana isiyokata gome, na farasi hufungwa katikati, mbali na mashina. Mhudumu akatuonyesha bango lenu linalokataza "kamba ya aina yoyote kati ya miti". Nadhani aliyeliandika alikuwa akifikiria kamba za kuanikia nguo. Kwa hiyo kinachodhuru mti kinaruhusiwa, na kinachouokoa kimekatazwa! Tuliishia kuwafunga farasi ubavuni mwa trela, kwenye mteremko, ambako hakuna farasi anayeweza kulala akapumzika.

Sasa maji, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike. Farasi wa kilo 500 anahitaji lita 25 hadi 50 kwa siku, na aliyepanda mlima akitoka jasho anahitaji zaidi. Tulipouliza, tuliambiwa kijito kipo bondeni. Kipo kweli, lakini njia ya kukifikia ni ngazi za magogo zilizotengenezwa kwa miguu ya watu, nyembamba na zenye utelezi. Farasi hapiti pale. Tukabeba ndoo za lita 20 mpaka giza likaingia. Hata hivyo farasi hanywi kwa ratiba yetu. Mwingine hugomea maji yenye harufu asiyoizoea, humbembelezi, unamwachia maji mbele yake usiku mzima mpaka atakapojisikia. Ndiyo kazi ya birika.

Na majani makavu? Barua yenu ya kuthibitisha nafasi ilitukataza kuja na ya kwetu, mkisema mnataka kuzuia mbegu za magugu zisiingie msituni. Sababu hiyo ni ya maana: mbegu hupita tumboni mwa farasi zikiwa hai, zikatoka na mavi, zikaota kando ya njia. Ila majani yenu yalikuwa yamefunikwa kwa turubai lililochanika. Nilipofungua robota la kwanza, vumbi la ukungu likanipanda puani, na ndani mlikuwa na vichwa vya mbigili vimekomaa na mbegu zake. Zaidi ya hapo, tumbo la farasi halipendi kubadilishiwa chakula ghafla. Mabadiliko hufanywa kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au zaidi. Kama mnataka farasi wale majani yenu tu, waelezeni wateja mapema ni ya aina gani, wawazoeze farasi wao nyumbani.

Majani makavu ya aina ngeni, maji kidogo, jasho la mlimani: matokeo yake mtu yeyote wa farasi angeyatabiri. Usiku farasi wetu jike alishikwa na msokoto wa tumbo: aliacha kula. Akawa anageuza shingo kuutazama ubavu wake, anapiga ardhi kwa mguu wa mbele, anakunja magoti kama anayetaka kulala kisha anaghairi. Nilimpapasa fizi kwa kidole, zilikuwa kavu na zinanata. Nikaweka sikio ubavuni, mahali ambapo kwa kawaida husikika ngurumo za tumbo, sikusikia chochote. Namba ya daktari wa mifugo iliyoandikwa kwenye bango la lango haikupatikana. Tuliyempata ni daktari wa kwetu, baada ya mwenzangu kupanda hadi kilele kutafuta mtandao, naye ndiye aliyetuunganisha na mwenzake wa karibu na hapo. Alfajiri daktari huyo wa karibu alimpitishia farasi mpira puani mpaka tumboni, akammiminia maji na mafuta. Farasi amepona. Safari iliishia pale, na gharama ya daktari nimeibeba mimi.

Naomba mnirudishie ada yote ya farasi, maana hakuna sehemu yake hata moja iliyotolewa, pamoja na gharama ya daktari ambayo risiti yake naiambatanisha. Ada ya kulala ya watu siidai. Watu tulipata tulichokilipia. Naomba pia mwache kupokea wateja wenye farasi mpaka birika litakapokuwa na maji na boriti zitakapowekwa, na bango lile lirekebishwe liruhusu kamba ya juu yenye mikanda mipana. Boriti zikiwekwa, ziwe mita 60 au zaidi kutoka kwenye kijito, mavi yasiishie majini. Namba ya daktari iwe inayopokelewa.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, na safari hii liwe jibu la nilichouliza. Nisipolipata, nakala ya barua hii itakwenda kwa mamlaka iliyowapa kibali cha kuendesha kambi ndani ya msitu, pamoja na picha za ile miti.

Wako,
Mteja wenu

Viambatanisho: tangazo lenu, barua ya kuthibitisha nafasi, risiti ya ada ya farasi, risiti ya daktari, picha za nguzo, birika, majani makavu na miti.