Nati ya sampo haizibwi kwa tepu na silikoni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee nati ya sampo, lile bakuli la oili la chini ya injini, yani nati inayofunguliwa wakati wa kumwaga oili. Mi ni fundi magari hapa Morogoro, na kwa kweli hili jambo linaniuma sana maana injini nzima zinakufa kwa nati ambayo dukani bei yake ni ndogo mno.

Juzi imeletwa Corolla 110 imevutwa kwa kamba, ya mama mmoja anafanyia biashara ya mitumba. Kushusha sampo nikakuta chujio la pampu ya oili limezibwa na vipande vya silikoni nyekundu, ukivuta kimoja kinatoka na kingine, na nati yenyewe imezungushiwa tepu nyeupe ya mabomba ya maji mpaka imenenepa. Yani thredi za sampo, ile mistari ya kuzungushia nati, zilishakula zamani hazishiki tena, aliyemwaga oili mara ya mwisho akaona azibe tu gari iondoke. Pampu ikawa inavuta oili kwa shida, taa nyekundu ikawaka, dereva akasema ngoja nifike mjini kwanza, metali za krenki, vile vibati ambavyo shafti kuu ya injini inazungukia, zikasagika zote. Sasa huyu mama utamwambia nini?

Mafundi wenzangu tuelewane hapa, kinachozuia oili isivuje sio thredi, ni washa, ile pete bapa ya kwenye nati, pamoja na uso wa sampo pale nati inapokalia. Thredi kazi yake ni kukaza tu. Kwa iyo hata uzungushe tepu roli nzima haikusaidii kitu kama thredi hazishiki, na siku moja barabarani mtikisiko unaidondosha nati, lita tatu na kitu za oili zinaisha kabla dereva hajajua kuna nini. Silikoni nayo ikizidi inaingia ndani, na kilichoingia ndani kinaenda kwenye chujio.

Na kula kwenyewe tunakusababisha wenyewe. Kijana anaanzishia nati kwa spana badala ya vidole, inaingia upande, anaona ngumu anaongeza bomba kwenye spana apate nguvu. Au anatumia mashine ya upepo. Au washa ya zamani imeshalala, inavuja kidogo, basi kila sevisi anakaza zaidi ili isivuje wakati washa mpya ni hela ndogo sana. Kingine ambacho wengi hawakiangalii, Toyota nyingi za zamani nati yake ni milimita 12 na hatua ya thredi, yani umbali wa mstari hadi mstari, 1.25, kichwa spana 14, alafu mtu anaokota nati yoyote ya 12 kwenye kopo kumbe ile hatua yake 1.5, anailazimisha, hapo thredi lazima zife. Kukaza kwenyewe ni kama nyutonimita 37 hivi, hiyo ni nguvu ya mkono na spana ya kawaida, bomba la nini?

Ikishakula inatengenezeka vizuri tu. Kwanza jaribu nati mpya, saa ingine iliyokula ni nati na sampo ni nzima. Kama ni sampo, toboa kwa drili ya 12.5 na uchonge thredi mpya kwa tapu, kile chuma cha kuchongea thredi, ya 14 hatua 1.5, alafu weka nati ya Honda, ndo saizi yake hiyo, kichwa 17, na washa yake ya 14, wauza spea wote wanayo. Tapu ipake grisi nzito ishike unga wa chuma, ichonge imenyooka maana ikilala upande washa haikai na itavuja tu, na ukimaliza mimina oili kidogo juu ikamwagike chini isafishe kabla hujafunga. Ila mi napenda zaidi sampo ishushwe kabisa ioshwe, ni kazi ndefu lakini unalala una amani. Kwa sampo za aluminiamu koili ya thredi, ile kama springi inayoingizwa kwenye tundu iwe thredi mpya, ni nzuri sana, inarudisha saizi ileile ya 12 na inadumu kuliko hata thredi za mwanzo. Na kama pale pa kukalia nati pameshachakaa kabisa mpelekee mchonga vyuma akuchongee kipande kipya kichomelewe, aluminiamu wanachomelea kwa gesi ya agoni, lakini iwe imeshuka na imeoshwa oili yote, usikubali mtu achomelee sampo ikiwa kwenye gari. Ikishindikana kote huko, sampo yused za hizi gari zipo nyingi.

Nawaomba na walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, vijana wanaokuja kwetu fildi wafundishwe kuanzishia nati kwa vidole na kubadilisha washa kila sevisi, hivi vitu viwili tu vingeokoa injini nyingi. Na nyie wenye gari, fundi akimaliza kumwaga oili muombe akuonyeshe washa ya zamani aliyoitoa, alafu siku mbili tatu baadae weka boksi chini ya injini usiku, asubuhi angalia kama kuna doa. Ukisikia fundi anamtuma kijana akanunue tepu ya bomba kwa ajili ya sampo yako, mwambie asimamishe kazi, gari ilale hapohapo mpaka ipatikane tapu.

Fundi magari,
Msamvu, Morogoro