Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: tufungulieni OB

Afande Inspekta Jenerali,

Baada ya salamu kutoka Kisauni, ombi langu ni moja: mtafiti mwenye kibali aruhusiwe kusoma kitabu cha OB, lile daftari la matukio la kila kituo cha polisi.

Nasomea shahada ya uzamifu ya masuala ya polisi na haki ya jinai. Chuo kiko Uingereza, nami niko papa hapa Mombasa, nasoma mtandaoni usiku watoto wakishalala. Watu hudhani kinachotusumbua ni intaneti. Hiyo tumeizoea. Kinachonikwamisha ni kaunta ya kituo ninachokipita nikienda sokoni Kongowea.

Nataka kujua hivi: vijana wanaokamatwa kwenye misako ya Ijumaa jioni, wangapi hushtakiwa? Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha korti imefungwa, husubiri siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo kijana aliyepakiwa kwenye Land Cruiser baada ya magharibi aweza kulala seli hadi Jumatatu, na sheria isiwe imevunjwa. Kina mama husema wengi huachiliwa Jumapili bila kesi. Askari husema vijana hao walikuwa na mapanga. Huenda pande zote mbili zasema kweli. Kortini hakuna jibu, maana aliyeachiliwa kituoni hamfikii hakimu. Jibu limo kwenye OB.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, ninacho. Kituoni nilipokewa kwa heshima, nikaambiwa nilete "barua kutoka juu". Nikaandika kule nilikoelekezwa. Siku 21 za kujibu zilizowekwa na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zikapita kimya.

Chicago imeweka hadharani rekodi zake za uhalifu tangu 2001, mtu yeyote anazipakua bure. Msimamizi wangu ameshanidokeza nihamie huko. Yaani mtu wa Kisauni awe daktari wa uhalifu wa Chicago! Na maafisa wako wanaosomea shahada hizi baina ya zamu watasukumwa huko huko.

Majina siyataki, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haizuii utafiti usiomtambulisha mtu. Afisa na akae kando yangu, safu ya majina aifunike kwa karatasi. Nipe tarehe, saa, sababu ya kukamatwa na namna mtu alivyotoka. Matokeo yaweza kuiaibisha Huduma ya Polisi. Yaweza pia kuwatetea askari wa huku dhidi ya maneno ya barazani.

Waraka mmoja kwa wakuu wote wa vituo (OCS) wa Kaunti ya Mombasa watosha.

Wako,
Mtafiti, Kisauni