Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuita walafi wa Februari

Mheshimiwa,

KUH: BEI YA WARIDI, NA NDOO ZETU KUMI NA NNE

Tunakusalimu kwa heshima na taadhima. Jina lako hatulitaji, na cheo chako unakijua. Siku mbili kabla ya Siku ya Wapendanao ulisimama mbele ya kamera ukasema kwamba waridi haliwezi kupanda bei mara tatu ndani ya wiki mbili isipokuwa muuzaji awe mlafi. Kesho yake asubuhi askari walifika, wakachukua ndoo kumi na nne zilizojaa maua, wakamwaga maji barabarani ili gari lisilowe, wakaenda zao. Maua yalikaa nyuma ya pikapu, juani, hadi saa tisa alasiri.

Kwa kuwa hukuuliza, tutakueleza.

Waridi la Februari 14 huanza Desemba. Kule Naivasha mkulima huingia na makasi mwanzoni mwa mwezi huo, kwa sababu tangu siku ya kukata tawi hadi tumba jipya kufaa kuvunwa ni wiki saba hadi nane. Timau, kwenye baridi ya Mlima Kenya, ua huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo kule hukatwa mapema zaidi. Akikosea kwa kuwahi, matumba yanafunguka kabla mnunuzi hajatoa pesa. Akichelewa, au mawingu yakitanda wiki mbili mfululizo Januari, maua yanaiva tarehe 16, siku ambayo hata ng'ombe huyapita. Na muda wote huo mwaridi uliokatwa haumpi shina hata moja la kuuza. Unadhani hasara ya Desemba hulipwa mwezi gani, Mheshimiwa?

Halafu kuna rangi. Mwaka mzima watu huchukua nyeupe ya harusi, njano ya hospitali, pinki ya mahafali. Wiki hiyo moja wote wanataka nyekundu. Mwaridi hukaa shambani miaka mitano na zaidi. Hakuna mwenye akili atakayeng'oa wa njano apande mwekundu kwa ajili ya siku kumi. Kwa hiyo nyekundu ni ile ile iliyopo, na wanaoigombania ni dunia nzima.

Hapo ndipo ndege zinapoingia. Soko kubwa la maua yetu liko Ulaya, na mnada unaotazamwa na kila mtu uko Aalsmeer, Uholanzi. Pale saa ya mnada huanzia bei ya juu ikishuka, na anayebonyeza wa kwanza ndiye mnunuzi. Atakayesubiri ishuke sana hukuta mwenzake amebeba. Ili shina lifike kwa mwenye duka kabla ya tarehe 14, lazima liondoke Kenya kati ya mwisho wa Januari na takriban Februari 10. Mizigo ya wiki mbili hizo haitoshi kwenye ndege za kawaida, kwa hiyo huletwa za ziada. Ndege ya ziada ikija na mzigo kidogo au bila mzigo, nauli ya maua yanayotoka ndiyo inayolipia na safari ya kuja. Boksi nalo hulipiwa nafasi linayochukua: kila sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kilo moja. Boksi la urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 30 ni kilo 20 kwenye hati, hata mizani ikisema pungufu.

Tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya nao umekaza masharti ya waridi kwa sababu ya nondo ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tumba. Kiwavi mmoja akipatikana, mzigo unakataliwa. Shamba sasa linaajiri macho zaidi, linaweka mitego na kupasua matumba ya majaribio. Hatuna hesabu zao, lakini hatudhani gharama hiyo wanaimeza wenyewe.

Sisi tunapata kinachobaki. Shina lililonyooka la sentimita 60 limeshapanda ndege. Linaloteremka kwenye matatu alfajiri ni la 40, lililopinda, lililowahi kufunguka, au lenye doa kwenye petali ya nje. Na dalali anayetuletea ana simu. Bei ya Ulaya anaijua kabla hajafika stejini.

Sasa tufanye hesabu ndogo, ile ambayo kamera hazikuwa na muda nayo. Fungu lina mashina 20. Matatu yamevunjika shingo njiani. Mawili yana ukungu wa kijivu, kwa sababu yametoka chumba baridi yakaingia joto ghafla, yakatoka jasho, na petali iliyolowa haina siku mbili. Yamebaki 15, na yanapaswa kurudisha pesa ya 20. Gharama ya kila shina imepanda kwa theluthi moja kabla hatujagusa riboni, karatasi, wala gipso, ile ya viua vidogo vyeupe vya kupambia, ambayo nayo wiki hiyo inajua thamani yake.

Na bado hatujafanya kazi. Shina lililosafiri kavu lina hewa kwenye mishipa, na hewa huzuia maji. Hukatwa tena sentimita mbili au tatu, kwa mshazari, kwa kisu kikali, ncha ikiwa ndani ya maji. Majani ya theluthi ya chini huondolewa, maana yakizama yanaoza na bakteria huziba kile kile tulichokizibua. Ndoo husuguliwa kwa jiki kila jioni. Kisha maua hunywa kwa utulivu, kivulini, kwa muda wa saa nne bila kuguswa. Ndipo kichwa kinasimama.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, ndoo ile si chombo cha kufanyia fujo kando ya barabara. Ndoo ndiyo duka. Maji yakimwagwa, mashina hunyonya hewa. Jua la Februari likiongezwa hapo, kila saa inakula siku ambazo ua lingekaa mezani. Kufikia saa tisa shingo zilikuwa zimelegea zote, na ua lililolegea shingo juani vile hata ukilitia majini halirudi kuwa la kuuzwa. Yale yaliyosalia mjini yalipanda bei tena mchana huo huo. Kwa hiyo bei uliyoilalamikia, kwa sehemu, umeipandisha wewe. Hongera.

Mwaka juzi uliahidi paa na mfereji wa kutekea maji. Ulionyesha na mchoro, wenye watu wadogo wa rangi ya kijivu wakinunua maua chini ya kivuli. Tumeusubiri. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, ila hawakuwa wanauza waridi.

Tulikuwa tumeandika madai matano. Chumba baridi cha pamoja, hata cha ukubwa wa kontena, chenye nyuzi mbili hadi nne. Mfereji. Paa. Leseni ya msimu yenye ada inayojulikana, badala ya ada inayotegemea sura ya askari. Tumeyafuta, maana kila tukiomba mengi tunapewa mchoro. Hata paa tumelifuta, tutanunua turubai.

Tumebakiza moja. Turudishieni ndoo. Ni za plastiki, nyeusi, za lita 20, tatu zina mpini wa waya na moja imezibwa tundu kwa nta. Maua msihangaike nayo, tunajua yalipo. Ndoo kumi na nne, tupu, bila maji, bila maelezo. Turudishieni ndoo.

Tungeshukuru zikifika kabla ya Machi 8, Siku ya Wanawake, ambapo ofisi yako itahitaji shada la kuweka jukwaani kama mwaka jana. Lile la mwaka jana bado halijalipwa.

Wako watiifu,
Wauza maua wa kando ya barabara