Chumvi iache jikoni

Muheza, 9 Machi

Mama Zuhura,

Salamu nyingi kwako na watoto. Barua yako nimeisoma vizuri mpaka pale unaposema utalimwagia gugu la ndago chumvi. Tafadhali, chumvi iache jikoni. Majani yataungua, baada ya muda ndago itachipua tena, na udongo utakuwa umeshaharibika, hata mchicha hautaota hapo.

Ndago ina vinundu chini vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Ukipiga jembe unaukata uzi, na kila kinundu kinaanza maisha yake. Ngoja udongo uwe na unyevu kidogo, ingiza jembe uma, nyanyua taratibu, uvichambue kwa mkono na kuvianika juani juu ya bati. Usivitupe kwenye mboji. Rudi kila wiki mbili, maana ukichelewa inatengeneza vinundu vipya. Matandazo hayaizuii, ncha yake hutoboa hata nailoni. Inachokiogopa ni kivuli, kwa hiyo kona ile panda viazi vitamu msimu mmoja, marando yaifunike.

Magugu mengine ni mepesi. Tengeneza tuta, mwagilia kana kwamba umeshapanda, ngoja siku 10 hadi 14 yaote, kisha yaparue juujuu, kina kisizidi sentimita 2. Ukichimba zaidi unaleta juu mbegu nyingine. Ndipo upande, na miche ikishika utandaze nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, mbali kidogo na shina. Nyasi zilizokwisha kutoa mbegu ni kujiletea magugu kwa mikono yako.

Sasa sukuma wiki. Geuza jani utazame chini. Wale wa kijivu, kama waliopakwa unga, ni vidukari. Unga ule ni nta, ndiyo maana maji matupu yanateleza. Utaona pia waliovimba, rangi ya kahawia, hawatembei. Hao waache: ndani yake mna mtoto wa nyigu mdogo anayekula vidukari. Jani lenye wengi wa namna hiyo usilinyunyize chochote. Kwingine, paruza sabuni ya mche kijiko kimoja cha chakula, iyeyushe kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, ipoe, unyunyize chini ya majani. Jaribu kwenye mche mmoja wa sukuma wiki kwanza, uangalie kesho yake. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, ikikauka kazi imekwisha, kwa hiyo rudia baada ya siku 5. Sabuni ya unga usiiguse, inaunguza majani.

Viwavi ni kazi ya mwarobaini, na mbegu zina nguvu kuliko majani. Ondoa nyama ya tunda, kausha mbegu kivulini, zenye ukungu utupe, menya, twanga. Unga gramu 50 kwa lita 1 ya maji baridi, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Usichemshe kama wale wanaojitibu homa. Moto unaiharibu dawa, na jua pia. Wala usingoje viwavi waanguke wafu. Wanaacha kula na wanashindwa kujivua ngozi, basi baada ya siku tatu angalia kama kuna matundu mapya, usihesabu waliokufa.

Tumbaku uliyoambiwa kwa ajili ya nyanya, hapana. Nikotini ni sumu kwako pia, na maji yake yanaweza kuambukiza nyanya ugonjwa wa batobato.

Miche inayokutwa imelala asubuhi kama iliyokatwa kwa wembe ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua sentimita chache kando ya shina, utamkuta amejikunja, mponde. Iliyobaki izungushie kipande cha ganda la mgomba, sentimita 3 ndani ya udongo na 5 juu.

Mwarobaini twanga wiki hii, mvua haijaanza. Masika yakishika, kila utakachonyunyiza kitaoshwa.

Wako,
Mama Saidi