Shukrani kwa kaka wa baiskeli pale Mwanga, Kigoma

Jumamosi iliyopita nilikuwa namrudisha mama Ujiji kwa Land Rover ya 1974 aliyotuachia marehemu baba. Harufu ya petroli ikajaa ndani. Nilipofungua boneti, kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa ikichuruzika petroli juu ya injini ya moto.

Kaka mmoja akaegesha baiskeli. Kwanza alimshusha mama akae mbali, akachomoa waya wa betri, akamwondoa aliyekuwa na sigara. Injini ilipopoa, aliikausha kabureta kwa kitambaa, akasukuma kikono cha pampu ya mafuta taratibu huku akitazama unyevu unaanzia wapi. Si mpira, si gasketi: bakuli la petroli la kabureta lilikuwa linafurika. Akafungua mfuniko, akatikisa sikioni boya linaloelea kwenye petroli: kavu ndani, halijatoboka. Kwenye ncha ya sindano, ile inayofunga petroli boya likipanda, palikuwa na chembe ya kutu, ndogo kama mbegu ya mchicha. Akaisafisha, akapuliza kwa mdomo pale petroli inapoingilia huku akiinua boya, pumzi ikakatika: sindano sasa inafunga. Na mimi nilishaambiwa kwingine ninunue kabureta mpya!

Hela alikataa. Alinisisitiza tu nisafishe tangi na nifunge chujio.

Kaka yangu, ahsante sana. Mama anakuombea kila swala.