Barua ya wazi kwa mjomba wangu: gonjwa, magazeti na kufungwa midomo

Mjomba, shikamoo.

Tulipokaa barazani kwako Korogwe baada ya harusi ya binamu, ulisema neno nililolinyamazia, kwa kuwa wageni walikuwapo na si adabu kubishana na mjomba mbele ya watu waliokuja kula pilau yake. Mazungumzo yalikuwa juu ya Marburg, ile homa kali ya virusi iliyozuka Kagera. Ulisema kwamba gonjwa likiingia nchini, kazi ya kwanza ya serikali ni kuwafunga midomo waandishi wa habari, kwa sababu taharuki huua watu wengi kuliko maradhi yenyewe, na kwamba mwaka 2020 hilo lilifanyika na tukavuka salama. Wazee wenzako wakaitikia kwa vichwa. Nimeamua kukujibu hadharani, bila kutaja jina lako, kwa sababu maneno hayo nayasikia kwa watu wengi wenye busara, na kuyajibu kwa mmoja mmoja kungenichukua miaka.

Nianze na pale ulipo na haki. Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa tarehe 16 Machi 2020, kundi la WhatsApp la ukoo wetu liligeuka duka la dawa lisilo na mfamasia. Ilikuja sauti ya mtu asiyejitaja akiapa kwamba maji ya moto yenye chumvi humuua kirusi akiwa bado kooni, ikafuata ya mwingine aliyesema ugonjwa huu hauwapati watu weusi, kisha ya mama mmoja aliyekuwa akilia na kudai kwamba maiti zinazikwa usiku katika mji ambao hakuutaja. Uongo ulikuwepo, tena mwingi. Lakini katika sauti zote hizo sikusikia hata ya mwandishi mmoja. Waliosema hawakuwa na jina, anwani wala leseni, na kwa hiyo hapakuwa na wa kumpiga faini. Adhabu ikawaangukia wale wenye jina mlangoni, ambao ndio pekee tungeweza kuwashika shati na kuwadai sahihisho.

Tarehe 2 Aprili kampuni 3 za matangazo ya televisheni zilitozwa shilingi milioni 5 kila moja na kuamriwa kuomba radhi kwa habari iliyohusu namna serikali ilivyokuwa ikilikabili gonjwa. Wiki mbili baadaye ikaja zamu ya Mwananchi, gazeti ambalo wewe mwenyewe hulisoma kuanzia matangazo ya vifo. Ukurasa wake wa mtandaoni uliweka picha ya Rais Magufuli akinunua samaki katikati ya msongamano, wakati ambapo wananchi walikuwa wakihimizwa wasikaribiane. Picha ilikuwa ya zamani. Hilo lilikuwa kosa, tena la kutia aibu kwa chumba cha habari chenye wahariri, na gazeti likaomba radhi. Kosa la namna hiyo lina dawa yake inayojulikana, nayo ni kulisahihisha palepale lilipofanyikia, kwa herufi zilezile. Badala yake, Mamlaka ya Mawasiliano ilisitisha leseni ya mtandaoni ya gazeti hilo kwa miezi 6 na kulitoza faini ya shilingi milioni 5. Kwa picha moja iliyokwisha kuombewa radhi, msomaji aliyezoea kutazama habari zake kwenye simu alinyimwa gazeti lake kwa nusu mwaka, na nusu mwaka wenyewe ndio huo ambao habari za afya zilihitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Utasema walikosea, waliadhibiwa, basi. Tazama basi ya Kwanza TV. Mwezi Julai mwaka huohuo televisheni hiyo ya mtandaoni ilifungiwa miezi 11 kwa kuchapisha upya kwenye Instagram tahadhari ya kiafya iliyotolewa na Ubalozi wa Marekani kwa raia wake waliokuwa nchini. Tahadhari haikutungwa na Kwanza. Ilikuwa karatasi halali ya ubalozi, ambayo kila mwenye simu angeweza kuisoma kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Mtu angeweza kuipinga, na serikali ilikuwa na redio, televisheni na magazeti yake ya kuipingia. Kosa la Kwanza TV lilikuwa kuonyesha kwamba kuna mtu aliyesema korona bado ipo, mwezi mmoja baada ya Rais kutangaza kwamba imeondolewa kwa maombi.

Hapa nataka nikutoe kwenye hoja ya taharuki nikupeleke kwenye sheria, kwa sababu ulinifundisha uraia darasa la sita na unajua kusoma Katiba. Ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Maneno ni hayo, wakati wote. Ni kweli kwamba Ibara ya 30 inaruhusu sheria ziwekwe kwa ajili ya afya ya jamii hata kama zinagusa haki hizo, na sina ugomvi nayo. Mwandishi anayemtangaza mgonjwa kwa jina bila ridhaa yake, kwa mfano, simtetei. Lakini Katiba hiyohiyo imeweka utaratibu kwa ajili ya siku mbaya. Rais akitangaza hali ya hatari chini ya Ibara ya 32, Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14, theluthi mbili ya wabunge hutakiwa kuridhia, na tangazo hufa lenyewe baada ya miezi 6 lisipoongezwa muda. Walioandika kifungu hicho walijua kwamba woga ni mshauri mbaya, wakauwekea uzio.

Mwaka 2020 hali ya hatari haikutangazwa. Yaliyofanyika yalifanyika kwa barua za leseni, zilizotoka katika meza ya kamati ya maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano, bila Bunge na bila theluthi mbili. Na ukilinganisha muda utaona ajabu yake: Kwanza TV ilifungiwa miezi 11, karibu mara mbili ya muda ambao Katiba inaipa hali ya hatari yenyewe. Julai hiyohiyo zikachapishwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zikakataza kuweka mtandaoni habari za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza, nchini au kwingineko, bila idhini ya mamlaka husika. Na kwingineko, Mjomba! Kwa maneno hayo, kijana wa Tanga akitaka kuandika habari za kipindupindu cha nchi jirani, alipaswa kwanza kutafuta ofisi ya kumruhusu. Kanuni hiyo haikutaja korona, wala haikuandikiwa tarehe ya kukoma.

Takwimu nazo zilikoma. Mwanzoni mwa Mei 2020 tuliachwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na hesabu ikasimama hapo kwa zaidi ya mwaka. Unakumbuka hotuba ya Chato ya tarehe 3 Mei, Rais aliposema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na zikarudi na virusi. Ulicheka sana siku ile, na mimi nilicheka. Lakini tuchukue kwamba shaka yake ilikuwa ya haki na vipimo vilikuwa na kasoro. Hapo ndipo alipohitajika mwandishi wa kwenda maabara kuuliza sampuli zilichukuliwaje, mashine ni ya aina gani, nani alizihakiki, na majibu ya wagonjwa halisi yaliyokwisha kutolewa yana maana gani sasa. Hakukuwa na aliyethubutu. Tukabaki na kicheko na papai.

Sasa nije nyumbani, na unisamehe nikigusa kidonda. Februari 2021 tulimzika mama mkubwa, dada yako. Hospitali sitaitaja. Ninachokumbuka ni daktari kijana aliyetuita pembeni, karibu na ndoo ya maji tiririka ambayo haikuwa na maji, akatuambia ni changamoto ya upumuaji, akarudia maneno hayo mara mbili huku akitazama nyuma ya bega langu. Nilimuuliza kama tuvae barakoa wakati wa kuosha maiti. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Vaeni, dada, lakini msiseme mimi nimewaambia." Kwenye cheti iliandikwa nimonia. Wanawake 6 waliingia kumwosha, 2 kati yao wakiwa na barakoa, na turubai lilijaa watu waliopeana mikono kwa siku 3. Shangazi yake binti yangu aliugua wiki iliyofuata na akapona kwa kujifukiza na kwa Mungu, kama mwenyewe anavyosema. Sidai kwamba gazeti lingemwokoa mama mkubwa. Ninachosema ni kwamba daktari aliyejua alikuwa anaogopa, na kilichomtia hofu si taharuki ya wananchi.

Mwezi huohuo, tarehe 17, walifariki kwa siku moja Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimethubutu kusema wazi kwamba ana korona, na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mapema Machi Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alieleza kwamba zaidi ya mapadri 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika miezi miwili, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Nchi yenye ofisi ya takwimu ilipata hesabu yake kutoka kanisani, kwa sababu kanisa linawajua mapadri wake kwa majina na halina leseni ya utangazaji ya kunyang'anywa kwa barua. (Redio za kanisa zinayo, lakini hilo ni la barua nyingine.)

Unasema tulivuka salama, nami nakujibu kwamba hatujui, kwa kuwa hakuna aliyeachwa ahesabu. Baada ya Rais Samia kuingia madarakani aliagiza Aprili 2021 vyombo vilivyofungiwa vifunguliwe, akaunda kamati ya wataalamu wa korona, na Julai 28 akachanja mbele ya kamera. Nilimshangilia, na bado nampa haki yake. Magazeti 4 yaliyofungiwa, likiwamo Tanzania Daima lililofutiwa leseni Juni 2020, yalisubiri hadi Februari 2022. Kile ambacho mkono mmoja umefungua kwa agizo, mkono mwingine unaweza kukifunga kwa agizo, na ndiyo maana sijatulia.

Ndiyo maana pia Marburg ilinisumbua. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa huko Kagera, Wizara ikajibu kwamba sampuli hazikuonyesha ugonjwa huo, na tarehe 20 Rais mwenyewe akathibitisha kwamba upo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa 10, kati yao 2 waliothibitishwa maabara, na wote 10 walikuwa wamefariki. Katika siku zile za katikati, mtu wa Biharamulo aliyekuwa na mgonjwa ndani alihitaji kujua jambo moja tu, amguse au asimguse.

Unakumbuka redio yako ndogo, ile yenye antena uliyoiunga kwa waya wa baiskeli? Usiku wa kuamkia mazishi ya dada yako uliitoa nje ukakaa nayo chini ya mwembe, ukiizungusha kutafuta idhaa za Kiswahili za Ulaya, kwa kuwa ulitaka kujua ni nini kilichomuua. Nilikuletea kahawa. Uliniuliza, "Kwani hawa wa kwetu hawana habari?" nami nikakwambia ulale, kesho kuna kazi. Swali lako sikulijibu usiku ule, Mjomba, na sasa nimelijibu.

Mpwa wako,
Dar es Salaam